Fally wa Droit Chemin kaenda wapi? Jibu kwa dereva wa njia ya Lubumbashi

Swali limetoka kwa ndugu mmoja dereva wa malori, njia yake Dar mpaka Lubumbashi, na ni kuhusu Fally Ipupa, mwimbaji wa rumba wa Kongo. Nimelifupisha maana aliandika kwa urefu na kwa uchungu:

"Mwalimu shikamoo. Mi shabiki wa Fally Ipupa tangu 2006, CD ya Droit Chemin nilinunua Lubumbashi na mpaka leo iko kwenye gari japo imekwaruzika inarukaruka. Ilipotoka albamu yake ya Control 2018 nilifurahi kama nimeshinda kesi. Alafu ikaja Tokooos II, nimejilazimisha kuisikiliza nikiwa foleni Tunduma siku mbili nzima, seben hakuna, magitaa hakuna, ni Kifaransa na biti za watoto. Kijana wangu wa miaka 17 anaipenda hiyohiyo na ananiambia baba umezeeka. Naomba kuuliza, mimi ndo nimezeeka au jamaa katuuza? Na je nimsubiri au niachane nae?"

Marahaba ndugu yangu, na pole na foleni. Lile la kwanza nikujibu haraka lisikukae kifuani: hujazeeka. Masikio yako yako sawa kabisa, unachosema hakipo kweli hakipo. Ila hilo la kutuuza sikubaliani na wewe na nitakueleza kwa nini, taratibu, maana mi hili jambo limenikaa moyoni miaka. Nimepiga gitaa la second solo kwenye bendi za dansi hapa Dar zaidi ya miaka kumi kabla sijahamia studio kumiksi nyimbo za hawa vijana, kwahiyo huu ugomvi nimeukalia pande zote mbili.

Tuanze na kile ulichokikosa, maana watu wengi wanasema "seben hakuna" bila kusema seben ni nini. Wimbo wa rumba ya Kongo una gia mbili. Ya kwanza unapanda mlima taratibu, mtu anaimba, anabembeleza, analalamika, sauti zinapokezana. Alafu kuna mahali pale rapa wa bendi anapiga ukelele, drama, yaani mpiga ngoma, anabadilisha, waimbaji wanasogea pembeni kucheza, usukani wanachukua magitaa. Hapo sasa hakuna tena habari ya maneno, solo, mpiga gitaa anayeongoza, anazunguka na kipande kimoja kidogo, anakirudia, anakirudia, alafu anakigeuza kidogo tu na ukumbi mzima unajua kageuza. Chini yake kuna rhythm, gitaa la kushika mdundo, inashona, na katikati yao kuna mi-solo, au sisi huku tunavyoita second solo, ambayo kazi yake ni kuzungumza na solo. Solo akiuliza hii inajibu.

Nikuonyeshe kitu kimoja. Mwaka wangu wa pili kwenye bendi alikuja mpiga gitaa mmoja Mkongo, tulikuwa tunafanya mazoezi mchana kwenye baa Kinondoni, viti bado viko juu ya meza, akachukua gitaa langu bila kuomba akatoa waya wa nne, ule mnene wa D, akafunga pale waya mwembamba kama ule wa kwanza, akaukaza mpaka ukalia D ileile lakini oktavu moja juu. Wakongo wanaita mi-composé. Akanirudishia akasema piga. Ndugu yangu, nilipiga kodi (chords) zilezile nilizokuwa napiga kila siku na gitaa likatoa sauti ya kumetameta kama kengele ndogondogo, ghafla likaacha kugombana na solo, likawa linampita juu linarudi. Alafu akanikataza kuangalia vidole. Akasema nimwangalie mwenzangu usoni. Nilidhani ananionea, baadae ndo nikaelewa, seben haiandikwi, inatokea kwa watu kuangaliana. Drama anamwona mchezaji kashuka chini, anampa kick, pigo la ngoma kubwa, besi anasikia kick anakata, solo anaona besi kakata anaingia na kipande kipya, yote hayo ndani ya sekunde mbili na hakuna mtu kahesabu.

Hicho ndo ulichokuwa unakitafuta Tunduma siku mbili. Na huwezi kukipata kwenye Tokooos II kwa sababu namna ile albamu ilivyotengenezwa watu hawaangaliani. Prodyuza anatengeneza biti kwenye kompyuta, gitaa likihitajika anaitwa mtu anapiga kipande kifupi, kile kizuri kinachaguliwa na kinarudishwa tangu mwanzo mpaka mwisho wa wimbo, alafu mwimbaji anakuja siku nyingine. Sisemi kwa dharau, mi mwenyewe ndo kazi inayonilisha sa hivi na kuna nyimbo nzuri sana zinazaliwa hivo. Lakini gitaa la namna hiyo ni pambo, ni kama pazia zuri dirishani. Halijibu mtu.

Sasa kwa nini afanye hivo mtu ambaye anajua rumba kama Fally? Huyu mtu kaingia bendi ya Quartier Latin ya Koffi Olomide 1999, kakaa mpaka 2006, pale hukai miaka saba kama hujui kazi. Seben anaijua. Tuangalie kitu kinachobeba muziki maana hicho ndo mara nyingi kinaamua.

Zile santuri za zamani, za sahani ngumu zilizokuwa zinavunjika, upande mmoja ulikuwa unabeba kama dakika tatu tu. Kwahiyo nyimbo za kina Grand Kallé wa bendi ya African Jazz ni fupi, usikute mtu anakwambia rumba ya asili ni ndefu, siyo kweli. Urefu ulikuja na LP, santuri inayobeba muda mrefu, na usiku mrefu wa ukumbini ambako watu hawataki wimbo uishe. Franco alipotoa Mario 1985 wimbo ule peke yake ulizidi dakika 10, na watu waliona sawa tu. Kaseti ikaendeleza, CD ikaendeleza. Sasa imekuja kustrimu, kusikiliza muziki kwa intaneti, na kwenye kustrimu hesabu iko hivi: mtu akisikiliza sekunde 30 inahesabika kapiga wimbo, na wimbo wa dakika tatu unalipwa sawasawa na wimbo wa dakika tisa. Fikiria we ni dereva unalipwa kwa tripu wala siyo kwa kilomita, nani ataenda Lubumbashi? Wote mtakuwa mnazunguka Mbagala na Kibaha. Na kitu cha kwanza kukatwa wimbo ukifupishwa ni ile gia ya pili, maana maneno na kiitikio viko mwanzo na sekunde 30 za kwanza ndo zenye hela.

Alafu ujue kukata wimbo hajaanza Fally. Mwanzoni mwa miaka ya 80 mwimbaji wa Kongo Kanda Bongo Man akiwa Paris alifanya kinyume chake, akatupa ile sehemu ya taratibu yote akaanza na seben moja kwa moja, na Diblo Dibala kwenye solo anachana. Wazee waliozoea kubembelezwa kwanza iliwaudhi, wimbo gani hauna kichwa. Leo hii tukisikia zile nyimbo kwenye sherehe tunasema huo ndo muziki, zilipendwa. Kabla ya hapo vijana wa bendi ya Zaiko Langa Langa, iliyoanzishwa 1969, walitupa matarumbeta. Kwahiyo kila kizazi kina kiungo kilichokatwa. Kanda alikata kichwa, Fally kwenye hizi Tokooos kakata miguu, na we ni mtu wa miguu.

Kingine, na hapa ndo napokataa neno kuuza, Fally ana madaftari mawili na hajawahi kuyaficha. Angalia zinavyopangana. Tokooos ya kwanza 2017, imetengenezwa kwa ajili ya soko la Ufaransa na dunia, ina wasanii wageni, ina Booba, ina R. Kelly, ina Aya Nakamura. Mashabiki wa rumba wakalia kama unavyolia wewe leo. Mwaka uliofuata tu, 2018, akatoa Control, rumba imejaa, hiyo uliyoifurahia kama umeshinda kesi. Desemba 2020 Tokooos II, daftari la pili tena. Desemba 2022 Formule 7, rumba na ndombolo zimerudi mezani. Yani jina lenyewe limeshakwambia, Tokooos limetoka kwenye kitoko, uzuri kwa Kilingala, na akaliweka namba mbili ili ujue ni mwendelezo wa ile ya 2017 wala siyo wa Control. We ulifungua daftari la kijani ukitafuta hesabu za daftari la bluu.

Na huu mtindo kaukuta. Papa Wemba, mwimbaji mkubwa wa Kongo, alifanya hivyohivyo miaka ya 90, ana bendi yake ya Viva la Musica ya tangu 1977 inapiga muziki wa Kinshasa kwa Wakongo, na upande wa pili anatoa albamu kwa lebo ya Real World ya Peter Gabriel kule Uingereza, Le Voyageur 1992, Emotion 1995, za wazungu na dunia. Watu wa Kinshasa walikuwa wanamuuliza maswali kama yako. Leo ni nani anasema Papa Wemba aliiuza rumba? Alikufa 2016 Abidjan baada ya kuanguka jukwaani, anaimba.

Kuna jambo la siasa pia ambalo huku kwetu watu hawalifuatilii. Kwa miaka karibu kumi wanamuziki wa Kinshasa walikuwa hawawezi kupiga shoo Paris kwa amani, kuna Wakongo wa Ulaya wanajiita combattants walikuwa wanazuia shoo za kila msanii wanayemwona yuko karibu na serikali ya Kinshasa. Fally shoo yake ya Paris ya 2017 ilifutwa. Alipokuja kupiga ukumbi wa Bercy, Paris, tarehe 28 Februari 2020 magari na pikipiki ziliwaka moto karibu na stesheni ya Gare de Lyon, moshi mweusi juu ya mji. Sasa fikiria muziki wako unaishi jukwaani kwa watu kuangaliana, na jukwaa la Wakongo wa Ulaya limefungwa. Kwa maoni yangu hapo ndo Tokooos zilipopata nguvu, alihitaji kuingia nyumba za Wafaransa kwa redio na simu maana mlango wa ukumbi ulikuwa na moto. Sina namna ya kukaa kichwani mwake, lakini ukipanga miaka utaona inashikana.

Na hao uliowaita watoto wa Kifaransa. Kwenye Tokooos II yuko rapa Ninho, ana asili ya Kongo. Yuko Dadju. Unamjua Dadju ni mtoto wa nani? Baba yake ni Djuna Djanana, mwimbaji wa Viva la Musica ya Papa Wemba, hiyohiyo. Kaka yake ni Gims, naye mwanamuziki. Yani yule kijana anayeimba Kifaransa laini kwenye biti ambayo we unaona haina kwao, kalelewa na sauti ya mtu aliyekuwa anasimama kwenye maiki moja na Wemba. Mi nilipolijua hilo nilirudi kuisikiliza upya kolabo yake na Fally, na nikasikia namna anavyoshusha sauti mwisho wa mstari, ile kama anameza neno, hiyo siyo ya Paris hata kidogo. Imetoka nyumbani.

Kwahiyo nimemtetea. Sasa nikwambie na mimi kinachoniuma, maana sitaki udhani nasifia tu.

Kifaransa siyo tatizo, wala marapa siyo tatizo. Na kama ni kuchanganya alichanganya zamani, chukua Arsenal de Belles Mélodies ya 2009, mle alikuwa kamweka mwimbaji Olivia yule wa kundi la G-Unit la Marekani na tukacheza wote hakuna aliyelia, we mwenyewe naamini ulicheza. Kinachoniuma ni ile sauti. Fally ana sauti laini ambayo haina haraka, na uzuri wake wote unatoka akiwa ana kitu kinachombishia. Kwenye Droit Chemin anaimba mstari, gitaa linampinga kidogo, anarudi anausema tena kwa upole zaidi, kama mtu anayemwomba mkewe msamaha na mke anajibu. Kwenye nyimbo nyingi za Tokooos II anabembeleza ukuta. Biti haimjibu, haibadiliki akihuzunika, iko vilevile. Mwimbaji wa kawaida hilo halimuumizi maana anapiga kelele anajaza mwenyewe, lakini yeye nguvu yake ni kuacha nafasi, na nafasi akiiacha hakuna anayeiingia. Nadhani hiki ndo kilichokuchosha Tunduma, ukakiita Kifaransa kwa sababu Kifaransa ndo kilikuwa kinaonekana.

Alafu kuna kitu kidogo ambacho wengi watanishangaa, nimewakumbuka mapedeshee. Zile albamu za zamani kila wimbo majina kumi, Wakongo wanaita mabanga, huku kwetu mnajua bendi zetu nazo zilivyokuwa zinataja matajiri mpaka wimbo unasahau ulikuwa unazungumzia nini. Wote tulilalamika. Lakini zile hela za kutajwa zilikuwa zinalipa studio siku nyingi na wapiga magitaa wanne wamekaa pamoja. Kustrimu hakulipi mi-solo.

Sasa la mwisho, umsubiri au uachane nae. Usiachane nae, ila acha kuzinunua Tokooos kama ndo rumba, zikija namba tatu mpe kijana wako bila hata kufungua. We nenda kwenye Formule 7, na usianze wimbo wa kwanza, tafuta zile ndefu ukizianza usiku ukiwa umeshapita Makambako barabara imetulia. Lakini kuliko vyote tafuta shoo zake, hasa ile ya Paris La Défense Arena ya Novemba 2023. Pale bendi iko jukwaani, na utaona jinsi wanavyoangaliana. Seben hajaitupa, kaihamisha, imetoka kwenye albamu imekwenda jukwaani ambako kimsingi ndo ilipozaliwa.

Kijana usigombane nae. Mwambie akuwekee wimbo mmoja anaoupenda wa Tokooos II, usikilize mpaka mwisho usiguse simu, alafu na wewe umwekee mmoja wa Droit Chemin, na umwombe kitu kimoja tu, asisikilize maneno, atafute gitaa la katikati, lile linalometameta, alifuate hilo peke yake mpaka seben iingie. Wa miaka 17 wana masikio makali kuliko sisi, studio nawaona kila siku, nikimwonyesha mtoto mi-solo mara moja hawezi tena kutoisikia, anaanza kuniuliza mbona kwenye wimbo wangu haipo. Wawili nimeshawafungia waya mwembamba wa D. Ukishamwonyesha hiyo ndo umkumbushe Inama ya Diamond ya 2019, Fally yumo mle, na amsikilize tena sasa akiwa anajua anachokitafuta.

Na hiyo CD inayorukaruka, nakuomba, usiifute kwa kuzungusha kama sahani ya chakula, hapo ndo mnapoziua. Mkwaruzo unaokatisha, redio ya gari mara nyingi inauruka yenyewe, ila ule unaofuata mzunguko unafuta muziki wa mfululizo. Kitambaa laini cha pamba, maji kidogo, unaanzia kwenye tundu la katikati unavuta kwenda nje mstari ulionyooka, zungusha CD kidogo, vuta tena. Ikikauka ipeleke kwa mwenye kompyuta akukopie kwenye flashi leoleo, nyimbo zote, na umwambie asikate mwisho wa wimbo hata kama anaona umeshakuwa mrefu.